TUKUNJE PENYE MSTARI: Habari za spoki, gunzi na karatasi ya manila

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mwanzilishi, mwalimu mstaafu, kwenye mkutano wa kuadhimisha miaka 10 ya kikundi, Mikumi)



Kamati iliponiambia nizungumze, nilidhani nitapewa habari ya hisa, au ya mfuko wa jamii, mambo makubwa makubwa. Wakasema, hapana Mwalimu, wewe zungumza habari ya mikunjo. Nikacheka. Miaka kumi ya kikundi, halafu nisimame mbele ya Mgeni Rasmi kueleza namna ya kukunja karatasi! Lakini nilipokwenda nyumbani nikafikiri, nikaona kamati ina akili kuliko mimi. Katika mkunjo ule kuna fedha zetu tulizopoteza na fedha zetu tulizopata. Tena kuna deni langu ambalo halijaandikwa kwenye daftari la mweka hazina, na leo nataka kulilipa. Basi nitaanza na karatasi, deni litakuja.

Ndugu Mwenyekiti, wengi mnakumbuka tulivyoingia kwenye kazi ya karatasi. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walitangulia mwaka 2006, na Kenya mwaka 2017. Mtu akikutwa ameshika ule mfuko, faini. Pale sokoni wiki ile kila mtu alikuwa anauliza, nyanya nitabebea nini? Tukaona hii ni riziki. Tukatoa fedha kwenye sanduku, tukanunua karatasi ya khaki, ile ngumu ya kahawia inayotengenezwa Mgololo kule Mufindi kwa miti ya paini, tukaanza kushona na kugundisha mifuko. Vishikio tukasokota kwa mkonge. Mkonge kwetu Kilosa si kitu cha kutafuta, babu zetu waliukata kwenye mashamba ya Kimamba na Rudewa.

Mifuko ikatufundisha kukunja. Kutoka kwenye mifuko tukaenda kwenye maboksi ya keki, na kutoka kwenye maboksi tukaenda kwenye vielelezo, yaani maumbo ya karatasi. Vielelezo vyetu ni vya aina mbili. Kuna vya shule: mchemraba, mche mstatili, mche pembetatu na piramidi, vya kufundishia hisabati. Na kuna vya wageni wanaopita hapa Mikumi kwenda hifadhini: twiga, tembo na pundamilia wa kadi ya manila, wanaokunjwa wakasimama wenyewe juu ya meza.

Sasa hebu niwaulize wale ambao hawako kwenye kazi hii. Ukichukua manila ukaikunja kwa mkono tu, inakuwaje? Inavunjika ovyo. Ule mstari unakwenda kama njia ya ng'ombe, na juu ya kona rangi inapasuka. Karatasi nyembamba ya fotokopi, ile ya gramu 80, inakubali kukunjwa kwa ukucha. Manila ni nene, haikubali. Lazima kwanza uioneshe mahali pa kukunjikia. Unapitisha kitu kigumu kisicho na makali juu ya mstari, ukikandamiza, mpaka karatasi ibonyee kidogo. Sisi kwenye kikundi tunaita kupiga mfuo. Ukishapiga mfuo, karatasi inakunjika penyewe, hata mtoto anaweza.

Na mifuo ni mingi, akina mama. Chukua mchemraba. Una nyuso 6 na kingo 12. Ukiutandaza kwenye karatasi, nyuso zile 6 zinashikana kwa mikunjo 5, na zile kingo 7 zilizobaki zinataka masikio ya kupaka gundi, na kila sikio linataka mkunjo wake. Tano na saba, kumi na mbili. Piramidi yenye kitako cha mraba ina kingo 8, nayo inataka mifuo 8. Mche pembetatu una kingo 9, mifuo 9. Kila ukingo wa umbo ni mfuo mmoja. Seti yetu ya maumbo manne, yaani mchemraba, mche mstatili, mche pembetatu na piramidi, ina mifuo 41. Shule ikiagiza seti 40, umepiga mistari 1,640. Kwa hiyo anayesema kazi hii ni ya kuchezea watoto, aje apige mistari 1,640 halafu tuzungumze. (Vicheko)

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo deni langu linapoanzia.

Mwaka ule ule wa 2019, mwezi wa nane, tulipata oda yetu ya kwanza kubwa: seti 40 za maumbo, za shule. Tuliomba sanduku la kikundi litukopeshe shilingi 240,000 kwa ajili ya manila, gundi na nauli. Mkutano ukakubali, na mimi ndiye niliyesimama kuitetea hoja. Mimi mwalimu, nimepita chuo, nimefundisha zana za kufundishia miaka mingi. Nani angenibishia?

Nikaamua tutumie wembe. Niliwahi kuona mafundi wa kadi nene wakikata nusu ya unene kwa kisu, halafu kadi inakunjika vizuri sana, kona imenyooka kama tofali. Nikawafundisha wenzangu hivyo: pitisha wembe taratibu, usikate mpaka chini, kata nusu.

Kwenye siku ya kwanza ya kazi, mwenzetu mmoja, yule anayekaanga maandazi karibu na stendi, alikuja na kitu chake kwenye fundo la khanga. Akanionesha. Ilikuwa spoki ya baiskeli, imekatwa, na mwisho wake umesuguliwa ukawa laini, imechomekwa kwenye gunzi la muhindi kama mpini. Akaniambia, "Mwalimu, hiki hakikati. Kinabonyeza tu. Nimejaribu kwenye maboksi ya maandazi, mkunjo haupasuki." Mimi nikakitazama kile kigunzi, nikamjibu mbele ya watu, "Mama, hii ni kazi ya shule, si ya maandazi."

Watu wakacheka. Yeye akafunga fundo lake, akakaa, akachukua wembe kama wengine.

Tulimaliza kazi, ilikuwa ya kupendeza kweli. Tukapeleka mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja yakarudi kwenye gunia. Watoto wamefungua na kufunga, wamefungua na kufunga, kama inavyotakiwa, maana umbo la kufundishia ni lazima mtoto alitandaze aone nyuso zake. Kona zote zimechanika. Masikio yamebaki kwenye gundi, umbo liko pembeni. Mwalimu wa shule ile hakuwa na ubaya, alisema tu, "Siwezi kulipia hivi. Mkitengeneza yanayodumu, leteni."

Kwa nini yalichanika? Sasa najua, na ningeweza kujua siku ile ile kama ningekubali kuuliza. Karatasi ni nyuzi, nyuzi ndogo ndogo za mti zilizolaliana. Ukipitisha wembe umekata nyuzi za juu, zimebaki za chini peke yake, na hizo ndizo unazozibebesha kazi yote ya bawaba. Kadi ikikunjwa mara moja ikagundishwa pale pale, kama boksi, inaweza kuvumilia. Ikikunjwa na kukunjuliwa mara hamsini, haivumilii. Lakini ukibonyeza kwa kitu butu, nyuzi hazikatiki. Zinasogea, zinalegea, zinabaki zote kazini. Spoki ile ndivyo ilivyokuwa inafanya.

Desemba tukagawana mwisho wa mzunguko. Zile shilingi 240,000 hazikuwamo. Kila hisa ikapungua. Kwa wengine ilikuwa kero tu. Lakini mwenzetu wa maandazi alikuwa amepanga fungu lake lote kwa binti yake, aliyekuwa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza shule ya bweni. Ada ilikuwa imefutwa, sawa, lakini godoro halikufutwa, wala sanduku, wala sare, wala nauli. Fungu halikutosha. Mtoto aliripoti shuleni amechelewa wiki mbili, wakati mama yake anatafuta godoro la mkopo.

Mama yule hakusema neno. Hakuja kwangu, hakulalamika kwenye mkutano. Januari alirudi kwenye kazi ya karatasi kama kawaida, na lile gunzi lake. Safari hii hakuna aliyecheka. Tulichanga upya, tukanunua manila, tukapiga mistari yote 1,640 kwa spoki. Tukapeleka, yakapokelewa, tukalipwa Februari 2020. Mwezi uliofuata shule zikafungwa nchi nzima kwa ajili ya korona. Tungechelewa kidogo tu, tungekosa kabisa.

Nimelisema hili mara nyingi moyoni, sijawahi kulisema kwa sauti. Juzi nilimwendea nikamwomba ruhusa nilitaje leo. Akaniambia, "Sema tu Mwalimu, ila usisahau kuwaeleza habari ya gunzi, maana watu wanaweka mpini wa mti, unaumiza kiganja." Basi mama, nisamehe. Nilikudharau mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Na habari ya gunzi naieleza sasa hivi. (Makofi)

Akina mama wenzangu, nimeombwa niziandike zana zetu ili zibaki kwenye kitabu hiki, wajukuu wasije wakaanza upya na wembe. Nazitaja moja moja.

Kwanza, spoki. Omba kwa fundi baiskeli ile iliyokatika, anaitupa hata hivyo. Ina unene wa kama milimita 2, na huo ndio unene mzuri kwa manila. Kata kipande cha urefu wa kiganja, ukiacha ule mwisho uliopinda. Kichwa chake kisugue kwenye jiwe la kunolea mpaka kiwe mviringo kama punje ya mchele, halafu msasa laini, halafu kipake mshumaa kidogo. Kipimo chake ni mkono wako: pitisha juu ya ngozi ya kiganja. Kikikwaruza ngozi, kitachana karatasi, rudi kwenye jiwe. Mpini ni gunzi kavu, ule moyo wa gunzi ni laini, unachomeka spoki kwa nguvu kidogo na tone la gundi. Gunzi halitelezi hata mkono ukiwa na jasho, na halileti malengelenge.

Pili, peni iliyokwisha wino. Hii ni nzuri kwa mistari midogo, masikio ya twiga na mikia. Lakini jihadhari. Peni iliyolala ikidhaniwa imekufa huamka ikipata joto la hapa kwetu. Mwenzetu mmoja wa Kilosa alipiga mifuo pundamilia ishirini, kufika wa kumi na tano peni ikafufuka, pundamilia akapata mstari wa bluu. (Vicheko) Kabla ya kuanza, chora mistari kumi kwenye karatasi ya taka, peni ikiwa juani. Ikinyamaza, itumie.

Tatu, sindano ya kroshia. Hii haina mpinzani kwenye mistari ya kupinda. Shingo ya twiga na mgongo wa tembo haviendi kwa rula. Weka bakuli au kifuniko cha sufuria, zungusha sindano pembeni yake. Tumia upande wa mgongo wa ile kulabu, si ncha.

Nne, mgongo wa kisu cha mezani na kijiti cha mwanzi. Hivi ni vya khaki na mifuko. Khaki haitaki kubonyezwa sana, inataka kunyooshwa. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa kama ulimi kinafanya kazi mbili: kinapiga mfuo, halafu kinasugua mkunjo ulale. Mafundi wa kujalidi vitabu tangu zamani wanatumia mfupa uliochongwa kwa kazi hii hii. Sisi mifupa tunawaachia mbwa, mwanzi unatosha.

Tano, mpini wa kijiko. Huu ni wa katoni, ile yenye mawimbi ndani. Mkunjo ukienda sambamba na mawimbi, bonyeza kidogo tu. Ukiyakata mawimbi, bonyeza mara tatu.

Sita, kigurudumu cha meno cha fundi cherehani, kile cha kuhamishia alama kwenye kitambaa. Kinaacha vidoto. Kinafaa kwenye khaki na kwenye kuonesha mstari, lakini kwenye manila ya watoto tumekiacha, maana vile vidoto ni vitobo, na vitobo ni jamaa za wembe.

Sasa chombo peke yake hakitoshi. Chini ya karatasi pawe na kitu cha kubonyea. Juu ya meza kavu mfuo hauingii. Tandika gazeti lililokunjwa, au bora zaidi kipande cha tyubu ya baiskeli kilichopasuliwa kikalazwa bapa. Na rula iwe ya chuma au kipande cha aluminiamu kwa mafundi wa madirisha. Rula ya mbao ina majeraha, spoki ikikutana na jeraha inaruka.

Kwa kazi nyingi zinazofanana, tuna ubao wa mfereji. Huu ulibuniwa na akina mama wa Ulaya. Wageni wetu wasishtuke, ni Ulaya ya hapa wilayani kwetu, njiani kwenda Kilosa. (Vicheko) Gundisha vipande viwili vya kadi ngumu juu ya ubao, uache upenyo katikati unaoingia unene wa spoki na unene wa karatasi mara mbili. Weka manila juu, pitisha spoki, karatasi inabonyea ndani ya upenyo. Kila mfuo unatoka sawa na mwenzake, hata kama mpigaji ni mgeni.

Kuna kanuni nne ambazo nawaomba muwafundishe wanaojiunga.

Kanuni ya kwanza: tafuta nyuzi zinakoelekea. Karatasi ya kiwandani ina njia yake kama ukuni. Ipinde kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande inaokubali kwa urahisi ndiko nyuzi zinakoelekea. Mkunjo unaofuata nyuzi unatoka safi. Unaokata nyuzi unataka kupigwa mfuo kwa uangalifu zaidi. Panga michoro yako ili mikunjo mirefu ifuate nyuzi.

Kanuni ya pili: pita mara mbili kwa wepesi, usipite mara moja kwa nguvu. Mara ya kwanza unaonesha njia, mara ya pili unaizamisha.

Kanuni ya tatu: kunja kuelekea upande usio na mfereji. Yaani ule mfereji uliouchora ubaki nje ya kona, na kile kituta kilichotokeza kwa nyuma kiingie ndani. Wengi wanafikiri ni kinyume, ndiyo maana kona zao zinavimba. Kwa hiyo kwenye wanyama wetu, mkunjo wa mlima unapigwa mfuo mbele, mkunjo wa bonde unapigwa nyuma. Na utajuaje mstari wa nyuma uko wapi? Choma pini kwenye ncha mbili za mstari, geuza karatasi, unganisha matobo kwa rula.

Kanuni ya nne: angalia masika. Karatasi inakunywa unyevu. Siku ya mvua manila inakuwa teketeke, spoki ile ile inayobonyeza siku ya jua inachana. Hifadhi karatasi kwenye sanduku lenye kifuniko, juu ya kinyanyuo, na siku ya mvua fanya kazi ya kukata, mifuo iache mpaka karatasi ikauke.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba dakika chache nitoke nje ya Mikumi.

Kule Marekani karne ya 19 alikuwapo mwanamke jina lake Margaret Knight, aliyeanza kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba angali mtoto. Baadaye akafanya kazi kwenye kiwanda cha mifuko ya karatasi, Springfield. Mifuko yenye kitako bapa, ile inayosimama, ilikuwa inakunjwa kwa mkono. Yeye akatazama mikono ile inavyokwenda, akatengeneza kielelezo cha mashine kwa mbao, kikafanya kazi. Akapeleka kifundishwe chuma. Pale kwa fundi mwanamume mmoja, Charles Annan, akakiona, akakimbilia kuandikisha hati kwa jina lake. Mama yule hakunyamaza. Alikwenda kudai haki, akaleta michoro yake na vielelezo vyake na mashahidi, akashinda, akapewa hati mwaka 1871. Kilichompa ushindi ni kwamba alikuwa ameihifadhi kazi yake tangu hatua ya kwanza.

Na mwaka 1879 huko huko, Brooklyn, mchapaji jina lake Robert Gair alikuwa anachapa mifuko ya mbegu. Kipande cha chuma cha kupigia mkunjo kikasogea, badala ya kubonyeza kikakata mifuko. Hasara! Lakini yeye akaitazama ile hasara, akaona kwamba kumbe chuma kimoja kirefu kinaweza kukata na kingine kifupi kubonyeza, vyote kwa mpigo mmoja. Maboksi ya kukunja yanayojaa madukani leo yametoka kwenye kosa lile. Sisi nasi gunia letu la maumbo yaliyochanika lilikuwa kosa la namna hiyo, tofauti ni kwamba dawa yake ilikuwa tayari chumbani, imefungwa kwenye khanga, mimi nikakataa kuitazama.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na jambo lililo mbele yetu. Kuna hoja ya kununua mashine ya kupigia mikunjo kwa mkopo. Wengine mmesikia nimeipinga. Sijaipinga. Naomba tujiulize mambo matatu kabla ya kuweka sahihi. Oda tulizonazo zinaijaza mashine siku ngapi kwa wiki? Ikiharibika, fundi na kipuri viko wapi, Morogoro au Dar es Salaam? Na mkopo ukichelewa kurudi, ni hisa za nani zitakazopungua Desemba? Swali la tatu ndilo nisilouliza mwaka 2019. Tukiwa na majibu, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Tukiwa hatuna, basi spoki ishirini na mbao tano za mfereji zitutunze mwaka mwingine mmoja, hazina riba.

Nina ombi dogo moja. Kwenye daftari la mali za kikundi kuna viti, sanduku, kufuli tatu na mizani. Naomba na hizi zana ziandikwe: spoki, sindano, mbao za mfereji, kila kimoja na aliyekitengeneza. Mwanachama mpya akifungua daftari ajue kwamba katika kikundi hiki hata aliyekuja na gunzi alisikilizwa. Alisikilizwa kwa kuchelewa, lakini alisikilizwa.

Binti niliyemtaja, yule aliyeripoti amechelewa, amekwisha kumaliza kidato cha nne. Yuko pale meza ya nyuma, ndiye atakayewaonesha kazi baada ya chakula. Nendeni mkajaribu, kila mmoja apige mfuo wake mmoja, gazeti na tyubu vimeandaliwa. Wembe hatukuleta.